Pampu ya Maji na Kiapo cha Ubatizo

Kwa Baba Paroko Eusebio,
Parokia ya San Roque.

YAH: KUMPARE WANGU ROGACIANO KUKIUKA KIAPO CHA UBATIZO KATIKA SUALA LA PAMPU YA MAJI NA MKANDA WA TAIMINGI

Mheshimiwa Baba Paroko,

Tumsifu Yesu Kristo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na kile kikohozi chako cha misa ya asubuhi kimepungua. Mimi mwili haujambo, ila moyo hauko sawa, na gari langu ndilo haliko sawa kabisa.

Najua una mambo mengi, hasa sasa hivi ambapo fiesta inakaribia na kila mtu anataka sanamu ya mtakatifu ipite mlangoni kwake. Nisingekusumbua kama jambo hili lingekuwa la gereji. Mke wangu Consorcia anasema ni la gereji. Lakini nimelitafakari kwa siku kadhaa nikiwa nageuza nguruwe juu ya makaa, kazi ambayo inampa mtu nafasi kubwa ya kutafakari, na nimeridhika kwamba ni la Kanisa.

Unamfahamu Rogaciano, fundi magari wa nyuma ya soko, ambaye sote tunamwita Gasyo. Ndiye ninong wa binti yangu Ludivina, tunayemwita Luding, yaani baba yake wa ubatizo. Alisimama kwenye kisima cha ubatizo na mshumaa mkononi, akaulizwa kama yuko tayari kuwasaidia wazazi katika wajibu wao, akajibu kwa sauti iliyofika hadi viti vya nyuma: "Niko tayari." Tangu siku hiyo yeye ni kumpare wangu na mimi ni kumpare wake, ndugu wa ubatizo, na tunaitana pare. Na tangu siku hiyo hajawahi kunitoza chochote cha ufundi. Mimi nanunua spea, yeye anafunga. Ndivyo makumpare wanavyoishi, na katika miaka yote hiyo mimi sijawahi kulalamika hata mara moja.

Juma lililopita nilimpelekea gari. Unalijua, lile dogo la Kijapani la rangi ya maziwa, la mwaka tisini na tatu, ambalo ukilipanda unashuka ukinukia nguruwe wa kuchoma. Pampu ya maji ilikuwa imeanza kulia kwa sauti nyembamba na kudondosha maji ya rangi ya chai. Nilikwenda na pampu mkononi na mkanda begani, nikiwa nimeshajinunulia kila kitu mwenyewe, kama mtu mstaarabu. Gasyo hakufungua boneti. Alifuta mikono, akanyoosha kidole ukutani. Palikuwa na kibao kipya, rangi bado mbichi: KUMPARE NI KANISANI. HAPA NI GEREJI.

Baba Paroko, malalamiko yangu ni haya yafuatayo.

1. Kuhusu kibao chenyewe. Nimemuuliza katekista, naye amekiri kwamba ubatizo hauna saa za kazi. Mtu haachi kuwa Mkristo akiingia sokoni. Sasa iweje mtu aache kuwa kumpare akivaa ovaroli? Nilimwambia Gasyo hivyo hivyo. Akanijibu mbele za watu: "Pare, tukikutana kanisani nitakukumbatia mpaka mbavu zilie. Hapa panga foleni." Nikaitazama foleni. Wote waliokuwa kwenye foleni walikuwa makumpare zake.

2. Kuhusu uhuru wa muumini kuchagua spea zake. Kama hujawahi kuingia kwenye duka la spea la Aling Bebang, naomba nikueleze, kwa sababu hukumu yako itategemea jambo hili. Aling Bebang ana pampu za aina nne. Kuna orijino, ambayo anaiweka ndani ya kabati la kioo na kuifuta vumbi kila asubuhi kama sanamu. Kuna ya badala, inatoka Taiwan, bei ya kati, ya watu wenye mishahara. Kuna Klasi A. Na kuna mtumba, iliyofunguliwa kwenye magari yaliyokatwakatwa huko Japani. Mgeni akisikia Klasi A anadhani ndiyo bora kuliko zote. La. Klasi A ni feki iliyokwenda shule. Boksi ni lile lile, maandishi ni yale yale, karatasi ya maelekezo imo, na ukiwa na miwani mibovu kama mimi huoni tofauti mpaka siku inapoanza kulia. Mimi ni mtu wa Klasi A kwenye pampu na mtu wa mtumba kwenye mkanda, na sioni haya kulisema hilo mbele ya paroko wangu.

Mkanda mpya, Baba, haujui kazi. Ule wa mtumba umeshaizunguka Japani nzima bila kukatika, una rekodi. Nilimweleza Gasyo hivyo. Yeye akauchukua mkanda wangu, akaukunja kinyumenyume, nyufa zikafunguka zote mbele ya foleni, akasema: "Pare, huyu ameshastaafu. Unamtoa kwenye pensheni yake aje kubeba nguruwe wako?" Watu walicheka. Mmoja alicheka mpaka akakaa kwenye tairi.

Kisha ndipo aliponidhalilisha kabisa, kwa kunishauri kwa upole. "Sikulazimishi ununue orijino," alisema. "Hata mimi sinunui orijino. Chukua ile ya Taiwan. Ukiwa pale pale dukani, zungusha ekseli yake kwa kidole. Ikikwaruza, rudisha. Chungulia mapanga ya ndani yanayosukuma maji. Yakiwa ya bati jembamba kama kifuniko cha sardini, rudisha. Mkanda nunua mpya, na utazame umetengenezwa lini, maana mpira unazeeka hata ukiwa umelala ndani ya boksi. Huu ukikatika barabarani, pistoni zinapanda, vali zinashuka, zinakutana katikati. Injini yote unaizika."

Ni maneno mazuri. Yangefaa sana kwa mtu anayelipia ufundi. Lakini isikilize hesabu yangu, Baba Paroko, maana Gasyo hakutaka kuisikiliza. Mtu wa kawaida ananunua pampu nzuri kwa sababu kuifikia ni shughuli: uondoe mikanda ya nje, uishikilie injini kwa jeki, utoe vifuniko, upange alama za taimingi upya, na ukikosea jino moja gari linakohoa kuliko wewe. Ufundi ndio ghali. Ndiyo maana anatoa fedha nyingi mara moja ili asirudi tena. Mimi ufundi wangu ni bure. Sasa pampu nzuri ninunue ya nini? Nanunua Klasi A, ikifa Gasyo anafungua, anafunga nyingine. Ikifa hiyo, anafungua tena. Mungu alinipa kumpare ili nisihangaike na Taiwan. Kununua Taiwan huku nina kumpare kungekuwa ni kukosa shukrani kwa kipaji alichonijalia Mwenyezi.

3. Kuhusu uroho. Gasyo anashikilia kwamba ukibadilisha pampu ubadilishe na mkanda, na ukibadilisha mkanda ubadilishe na ile beringi inayoukaza, kwa sababu vyote viko nyuma ya kifuniko kimoja na vinazeeka pamoja. Mimi nilimwuliza: mtu akienda kung'olewa jino moja, ang'olewe na mengine yote kwa kuwa mdomo umeshafunguliwa? Alinirudishia mkanda wangu. Akaenda kunywa maji. Nalichukulia hilo kuwa ni kushindwa hoja.

4. Hili la nne nasita hata kuliandika, kwa sababu linagusa imani. Unakumbuka uliponibarikia gari langu. Ulinyunyiza maji ya baraka kwenye kioo, kwenye usukani, na kwa ombi langu maalumu nilifungua boneti ukanyunyiza na injini. Pasaka iliyofuata nilichukua chupa nzima ya maji ya baraka nyumbani, nikayamimina kwenye rejeta. Niliona haina maana kununua yale maji ya kijani ya dukani ya kupoza injini wakati ninayo yaliyoombewa. Baba, unajua Gasyo alisema nini alipofungua ile pampu ya kabla ya hii na kukuta mapanga yake yameliwa na kutu mpaka yamebaki visiki? Alisema, namnukuu: "Baraka haizuii kutu, pare. Weka ya kijani."

Sitaki kutumia neno uzushi. Wewe ndiye msomi. Ninachosema ni kwamba mtu aliyetamka maneno hayo ndiye aliyekabidhiwa malezi ya kiroho ya binti yangu.

5. Kuhusu wale makumpare wengine. Hapa naomba nimtetee Gasyo kidogo, ili uone kwamba sina chuki. Ukipekua kumbukumbu zako za ubatizo utagundua kwamba mtu huyu ni ninong wa karibu kila mtoto katika parokia hii ambaye baba yake ana gari kuukuu. Mwenye gari la jipni la kubebea nazi, Gasyo. Mwenye gari la kukodisha kwa maharusi, Gasyo. Yule mwenye gari la dizeli linalotoa moshi hadi wakati wa ekaristi alimbatiza mtoto wake wa mwisho juma lile lile mkanda wake ulipokatika, na wote tuliona haraka ile. Krismasi ikifika watoto wote hao wanakuja mlangoni kwake kumbusu mkono na kudai zawadi, naye hujificha chini ya gari mpaka Mwaka Mpya. Aliniambia kwa mdomo wake: "Pare, nina watoto wa ubatizo kuliko wateja. Mgongo umekufa. Mke wangu Pacing ananiuliza tutapika nini, nimwambie tupike mishumaa?"

Ni aibu, Baba. Watu wanaitumia sakramenti kama kadi ya gereji. Lazima wakemewe. Kesi yangu ni tofauti. Mimi nilimchagua Gasyo kwa ajili ya roho yake njema. Ni bahati tu kwamba roho hiyo ilikuwa na spana.

6. Kuhusu madhara niliyopata. Baada ya kibao kile nilikwenda kwa fundi wa njia panda. Kijana ana adabu, akaniandalia kiti, akaniuliza: "Mang Filemon, wewe si kumpare wake Gasyo? Mmegombana?" Nikasema hapana. Akasema: "Basi nikiligusa gari hili itaonekana nimemvunjia heshima. Na kama mmegombana, nikiligusa itaonekana nimechukua upande." Akanipa kahawa, akanisindikiza. Nilikwenda kwa mwingine wa karibu na kinu cha mpunga, naye pia ni kumpare wa Gasyo. Katika mji huu, Baba, mtu mwenye kumpare fundi hana fundi mwingine. Ni kama ndoa. Na kama unavyojua, katika nchi yetu talaka hakuna: ndoa ina njia nyingi za kuingia na haina mlango wa kutokea.

Kwa hiyo gari limekaa uani, kuku wanataga ndani. Jumamosi nilikuwa na nguruwe wa harusi wa kupeleka ng'ambo ya mto. Nilimpakia kwenye pikipiki ya magurudumu matatu ya kukodi, ile ya kibanda cha pembeni. Nguruwe alikaa ndani ya kibanda. Consorcia alikaa pembeni yake, amemkumbatia asianguke. Mvua ikaanza. Mwavuli ulikuwa mmoja. Mimi, nikiwa nyuma ya dereva, niliagiza mwavuli uende kwa nguruwe, kwa sababu ngozi ikilowa haivunjiki mdomoni tena na mteja anakataa. Tulifika ngozi ikiwa kavu kabisa. Consorcia hajazungumza nami tangu siku hiyo, isipokuwa jana aliponiambia: "Filemon, siku nikifa usinipake chumvi." Haya yote yametokana na kibao.

Na sasa fiesta. Nina nguruwe wengi wa kupeleka siku hiyo, na mmoja wao, nakukumbusha kwa heshima zote, ni wa meza yako. Sitaki kusema kwamba ngozi yake itategemea uamuzi wako. Nasema tu kwamba itategemea hali ya hewa, na hali ya hewa itategemea kama nina gari.

Baada ya kueleza hayo, naomba mambo yafuatayo. Kwanza, utamke rasmi kwamba maneno "kuwasaidia wazazi katika wajibu wao" yanahusu na pampu ya maji. Hoja yangu ni nyepesi. Wajibu wa mzazi ni kumlisha mtoto. Mimi namlisha Luding kwa nguruwe. Nguruwe anasafiri kwa gari. Gari linakwenda kwa mkanda, mkanda unazungusha pampu. Kwa hiyo anayekataa kufunga pampu anamnyima mtoto chakula, na aliapa mbele ya Mungu kutofanya hivyo. Katekista alisikiliza hoja hii mpaka mwisho na hakuipinga, ingawa ni kweli alikuwa na haraka.

Pili, utamke kwamba kumpare hana mamlaka juu ya daraja la spea. Yeye afunge anacholetewa.

Tatu, na hili ni iwapo mawili ya juu yatashindikana, naomba ubatizo wa Luding ufutwe na urudiwe na ninong mwingine. Nimeshampata: ni yule kijana wa njia panda, ana jeki mbili na bado hana mtoto wa ubatizo hata mmoja. Nilimweleza Luding mpango huu wakati wa chakula. Alikuwa anasoma, anajiandaa na mtihani. Hakuinua hata macho, akasema: "Tay, nitabatizwa mara ngapi? Kila pampu ikivuja?" Watoto wa siku hizi hawaelewi mambo ya sheria za Kanisa.

Usidhani, Baba Paroko, kwamba namchukia Gasyo. Kila Jumapili baada ya misa alikuwa anakuja uani kwangu, anakaa juu ya gogo, namkatia sikio la nguruwe, anakula na siki na pilipili, tunatukanana mpaka jua linachwa. Jumapili hii hakuja. Sikio lilibaki kwenye sahani, hakuna aliyeligusa. Nilimpa mbwa. Nakwambia ukweli, iliniuma kuliko maneno yote ya kule gereji, na sijui nilichokosea.

Nifikishie salamu kwa katekista, kwa mama yule anayepanga maua, kwa wanakwaya wote ukiacha sauti ya tatu ambao nawadai wimbo mmoja wa mazishi, na kwa wale wazee wanaobeba sanamu. Waambie wapite taratibu kwenye kona ya kwangu, kuna makaa. Ukimwona Gasyo msalimie pia, ila usimwambie ni mimi niliyekutuma.

Ni mimi mwana wako mtiifu katika imani,
Filemon Macatangay,
Mchoma nguruwe, baba yake Ludivina.

Tanbihi: Barua ilikuwa imeshafungwa, nimelazimika kuifungua tena. Gasyo ametoka hapa sasa hivi. Alikuja kwa miguu, amevaa shati la kanisani, kucha amezisugua mpaka nikashindwa kumtambua. Nilidhani amekuja kuniomba radhi na moyo ukanidunda kama wa mchumba. Kumbe binti yake mkubwa amejifungua mtoto wa kiume, na wanambatiza Jumapili ya baada ya fiesta. "Pare," akaniambia, "tumezunguka majina yote, sina mtu mwingine ninayemtaka. Uwe ninong wake." Machozi yalinitoka, nikasingizia moshi. Nilikubali hapo hapo, nikamkumbatia mpaka akaguna kwa maumivu ya mgongo.

Alipoondoka, Consorcia akavunja ukimya wake wote na kuniuliza swali moja tu: karamu ya ubatizo huo itakuwa na nini mezani? Hapo ndipo akili iliponirudia. Baba Paroko, kabla ya Jumapili hiyo naomba uwaelimishe waumini kutoka altareni, bila kutaja jina, kwamba ninong ni mlezi wa roho ya mtoto, na nguruwe ni kazi ya mtu na jasho lake, na vitu hivi viwili havichanganywi hata kidogo. Anayemtafutia mwanawe ninong kwa kutazama makaa yake anaidhihaki sakramenti. Kuhusu pampu, msimamo wangu ni ule ule niliouandika hapo juu. Kwa hiyo naomba unijibu kwa bahasha mbili, moja ya pampu na moja ya nguruwe, na uzitume siku tofauti, nisije nikazisoma pamoja.